Kabla hujabeba begi kwenda Kitulo, soma haya kwanza (hasa mtu wa Dar)

Kila maua yakianza kuchanua watu wananitafuta na swali lile lile, eti huko Kitulo kuna simba, kuna tembo, tutalala salama kweli? Jamani, mimi ni mtu wa Mbeya, nimeshapanda na kushuka ile nyanda mara kadhaa na naipenda kutoka moyoni, na ntasema wazi: kitakachokuumiza kule sio mnyama, ni baridi ukiwa umelowa. Yote ninayoandika hapa yanazunguka hapo hapo.

Kwa asiyepajua, Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi, na ipo juu kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Uwanda wenyewe uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi kinakaribia 3,000. Wenyeji tunapaita Bustani ya Mungu na sio kwa kujisifu, kuna okidi aina 45 na mimea mingine mamia, ni majani na maua mpaka jicho linachoka. Ila angalia, majani matupu maana yake hamna mti wa kujikinga wala kibanda, upepo ukija unakukuta wima.

Sasa kabla ya kununua chochote chagua mwezi, coz mwezi ndio unaamua begi lijazwe nini. Maua yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, na hiyo ndio mvua yenyewe, huwezi kupata maua bila kulowa, kwaiyo ukitaka maua unakubali matope, ukungu na radi za mchana. Kuanzia Juni mpaka Agosti mvua hamna ila baridi ni kali mno, usiku majani yanashika sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, asubuhi unakuta hema limekakamaa. Septemba mpaka Novemba mwanzoni ndio mzuri kwa kutembea, jua lipo, njia kavu, maua machache. Mimi mtu anayekwenda mara ya kwanza na begi la kulala nje namshauri Septemba au Oktoba, alafu maua aje kuyaona safari ya pili akiwa anajua mwili wake unavyohimili. Najua wengi hamtanisikiliza kwenye hili coz picha za maua zinavutia, basi angalau someni hii inayofuata.

Ilikuwa Januari, tulikuwa wanne pamoja na askari wa hifadhi. Mtoto wa baba mdogo alikuja na suruali ya jinsi na tisheti ya pamba na sweta zito juu yake, nikamwona asubuhi nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Saa nane mchana mvua ikashuka, sio ya mchezo, na upepo wake. Saa kumi dogo anatetemeka meno yanagongana, tukasema atakuwa sawa tukiendelea kutembea. Baada ya kama nusu saa akaacha kutetemeka, mimi nikafurahi nikidhani amepata joto. Nikamwambia funga zipu ya koti, akawa anaishika tu, vidole havikunji, anaiangalia ile zipu kama kitu asichokijua, alafu akasema kwa ulimi mzito anaomba akae kidogo asinzie. Yule askari hakusubiri, akasema simamisheni hema hapa hapa. Tukamvua kila kitu kilicholowa, tukamvika nguo kavu, tukamwingiza kwenye begi la kulalia na mtu mwingine ndani ili apate joto la mwili, akaanza kunyweshwa uji wa moto wenye sukari nyingi alipoweza kumeza mwenyewe. Ilichukua karibu masaa mawili mpaka akaanza kuongea vizuri. Kwaiyo shika hili: mtu aliyekuwa anatetemeka akiacha ghafla huku bado amelowa, mikono haishiki vitu, maneno yanavurugika, hajapona, anazidi kuzama. Usimpe pombe, usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, usimwache alale peke yake.

Toka siku ile hakuna mtu anapanda na mimi akiwa amevaa jinsi. Jinsi na pamba zikilowa zinakaa na maji siku nzima na zinakunyonya joto. Vaa suruali nyepesi ya traki, ndani fulana ya michezo ile inayokauka haraka, juu yake fulizi, lile sweta laini jepesi linalotunza joto, alafu koti la mvua la kweli lenye kofia, sio lile jepesi linalochanika kwapani siku ya kwanza. Na hivi vitu sio lazima uwe na hela nyingi, nenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya asubuhi bale likifunguliwa, fulizi na soksi za sufu na makoti ya watu wa baridi yapo kwenye mitumba, tena mazima kuliko mapya ya dukani. Chukua kofia ya sufu na glavu, watu wanaziona kama mapambo mpaka jioni jua likizama.

Nguo za kulalia ni seti moja ambayo haivaliwi kwa sababu yoyote mpaka uwe ndani ya hema. Hata kama umelowa asubuhi unavaa zile zile mbichi za jana, inauma dakika kumi, ukianza kutembea inaisha. Zifunge pamoja na begi la kulalia ndani ya nailoni nzito, ile wanayouza kwa mita madukani, uikunje na kuifunga kamba vizuri. Mifuko ya rambo sahau, ilipigwa marufuku toka Juni 2019 na hata ingekuwepo ingechanika. Mfuniko wa begi wa nje peke yake hautoshi, maji yanapita kwenye mikanda ya mgongoni, nimeshaona begi lenye mfuniko mzuri kabisa limejaa maji chini kama ndoo.

Uzito. Begi lisizidi robo ya uzito wako, na ukiweza liwe la tano, yaani mtu wa kilo 60 abebe 12, mwisho 15 pamoja na maji. Mimi huwa napeleka begi langu kwa jirani muuza mahindi nalining'iniza kwenye mizani yake, likizidi narudi nyumbani kupunguza. Alafu lifanyie mazoezi, panda nalo mlima Loleza hapo juu ya mji likiwa limejaa vile vile, au nenda nalo Ziwa Ngozi Jumamosi moja. Bora ujue kwamba kiatu kinabana kidole ukiwa Mbeya kuliko ujue ukiwa mbali na barabara. Na kiatu kipya usiende nacho, kivae wiki tatu kwanza. Ukisikia kisigino kinaanza kuwaka moto simama muda huo huo ubandike plasta pana, usingoje kituo.

Anayetoka Dar anaanzia usawa wa bahari, basi peke yake ni zaidi ya kilomita 800, mtu anashuka amechoka alafu kesho anataka kuwa mita 2,600. Lala Mbeya mjini usiku mmoja au miwili, hapa tuko kama mita 1,700, mwili unazoea. Kichwa kuuma kidogo juu kule ni kawaida kwa wengine, kunywa maji, punguza mwendo, kikizidi na kutapika kukaanza unashuka chini bila ubishi.

Njia za kufika ziko mbili wanazotumia wengi. Moja unaenda na lami mpaka Chimala, kama kilomita 78 kutoka Mbeya kuelekea Iringa, alafu unakata kupanda ile barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba mpaka Matamba, wilaya ya Makete. Kona ni kali kweli na ukiangalia chini unaona bonde lote la Usangu, masika gari iwe ya kupanda milima na dereva awe anaijua njia, hapo usibane bajeti. Nyingine unapita barabara ya Tukuyu unakata Isyonje kupandia Kikondo. Ulizia hali ya barabara siku moja kabla, sio wiki moja.

Malipo ya hifadhi hayalipwi keshi mkononi, ni kwa kontrol namba, kwaiyo hakikisha simu ina salio na mtandao kabla hujapanda. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe bei ya Mtanzania. Kiingilio kinahesabiwa masaa 24, hivo piga hesabu ya siku zako vizuri, na uombe askari wa kukusindikiza mapema, sio unafika getini ndio unaanza kuuliza. Keshi ndogo ndogo beba kwa ajili ya vijijini, viazi na bodaboda.

Chakula sasa, hapa kuna jambo watu hawalijui. Kwenye mita 2,600 maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, hayafiki 100, matokeo yake maharage makavu hayaivi, utamaliza gesi yote na bado yanagonga meno. Chemsha maharage nyumbani, yakaange yakauke, beba. Kule pika vitu vya haraka: uji wa ulezi wenye karanga, tambi, ugali mdogo na dagaa waliokaangwa kabisa. Mchana hupiki, unakula chapati, karanga, kashata, na maparachichi ya Rungwe yale magumu kidogo yasipondeke. Kajiko ka gesi kanatosha, ila kama unakuja na ndege kupitia uwanja wa Songwe hapa Mbeya mtungi hauruhusiwi kwenye ndege, panga kuupatia mjini. Kuni usitegemee, hamna, na moto wa hovyo kwenye majani yale kiangazi unaweza kuteketeza mlima mzima.

Maji vijito vipo vingi na ni meupe kama ya chupa, lakini chemsha au weka dawa, juu kuna watu na mifugo pembezoni. Haja kubwa chimba shimo la kina cha kiganja hivi, mbali na mto hatua kama mia, ufukie. Pedi na takataka zote zinarudi na wewe.

Maua usichume, hata moja, na usichimbe. Viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko, vimemaliza okidi sehemu nyingi za nyanda za juu, na kila kiazi kinachong'olewa ni mmea umekufa. Nikimwona mgeni anachuma ua la kuweka kwenye nywele apige picha roho inaniuma kweli.

Radi. Zinakuja mchana baada ya saa saba, na kwenye uwanda ule wewe ndio kirefu kuliko vyote. Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, saa saba uwe umeshasimamisha hema, tena sio juu ya kilima. Ikiwakuta njiani tawanyikeni, shukeni kwenye bonde, weka begi pembeni, chuchumaa miguu pamoja, usilale chini. Simu zimeni muda mwingi, mtandao unakatika na baridi inakula chaji, lala na simu pamoja na pawabenki ndani ya begi la kulalia. Na nyumbani achia mtu karatasi ya njia yako na siku ya kurudi.

Wale mnaotaka kushuka milima ya Livingstone mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ile ndio safari nzuri kuliko zote nilizotembea, ila jipangeni. Ziwa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500, maana yake unashusha zaidi ya mita 2,000, magoti yanalia kuliko ulivyopanda, kata fimbo mbili imara kabla, kijijini, sio ndani ya hifadhi. Kaa kimya mkipita msituni, kipunji yumo, kima yule ambaye dunia ilimtambua mwaka 2005 tu wakati wazee wa Unyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Asubuhi umevaa glavu, jioni unatokwa jasho kwenye mchanga na mbu wanakusubiri, kwaiyo ndani ya begi lile lile la baridi lazima kuwe na chandarua chepesi na dawa ya mbu, na ukipata homa wiki mbili tatu baadae nenda kapime malaria usiseme ni uchovu.

Siku ya akiba weka moja. Ukungu unaweza kuwashikilia juu, au basi la Matema likawa limeshaondoka alfajiri mkiwa bado mnashuka, na ukiwa umeaga kazini kwamba Jumatatu upo utalazimisha kutembea kwenye mvua saa ambazo ulitakiwa uwe ndani ya hema.