Mazoezi ya kusimama imara kwa mwenye kisukari aliyepata ganzi ya nyayo

Mama mmoja wa Kibosho, aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi, alianguka mara mbili katika mwezi mmoja, na mara zote mbili alikuwa ameinama juu ya beseni akinawa uso. Hakujikwaa wala hakuteleza; alifumba macho ili sabuni isimwingie, na papo hapo akaona kama ardhi imeondoka chini yake. Alipoletwa kwangu Moshi kwa mazoezi, nilimwomba asimame wima akiwa ameunganisha miguu, nami nikasimama karibu tayari kumdaka. Macho yakiwa wazi alitulia vizuri, lakini alipoyafumba alianza kuyumba kabla sijahesabu hata tano.

Mwili hutambua namna ulivyosimama kwa kupokea habari kutoka sehemu tatu, yaani macho, sikio la ndani, na miguu yenyewe, hasa nyayo na vifundo. Sukari inapokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu kuliko yote, na ndiyo sababu ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu kisha ikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Wapo wanaohisi nyayo zikiwaka moto au kuchomachoma usiku, na wapo wasiohisi chochote, na hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Nyayo zikishanyamaza, kazi yote huhamia machoni, kwa hiyo umeme kukatika, kwenda choo cha nje usiku, au kuvaa gauni kwa kulipitisha kichwani huwa ni hatari ambayo zamani haikuwapo.

Mazoezi hayarudishi mishipa iliyokwisha kufa, na sitaki mgonjwa yeyote auziwe ahadi hiyo. Kazi yake ni kuimarisha mapaja, nyonga na vifundo, na kuuzoesha ubongo kutumia vizuri habari chache zinazobaki. Adui mkubwa ninayemwona ni hofu: mtu akianguka mara moja, watoto humwambia, "Mama, wewe kaa tu, tutafanya sisi," naye hukaa, mapaja yakanyong'onyea, na siku anapolazimika kuinuka huwa rahisi zaidi kuanguka kuliko mwanzo. Watoto hao husema hivyo kwa upendo, lakini nawasihi wabadilishe neno lao kuwa, "Mama, inuka, mimi niko hapa."

Kabla ya kuanza, omba kliniki unakohudhuria, iwe Mawenzi au KCMC kwa watu wa Moshi, au Mount Meru kwa watu wa Arusha, wakupime hisia za miguu. Kipimo chenyewe ni chepesi: uzi wa nailoni hugusishwa kwenye unyayo hadi upinde kwa mgandamizo wa gramu 10, nawe unasema kama umeuhisi au la. Omba pia upimwe presha ukiwa umelala na tena baada ya kusimama, kwa kuwa kisukari huweza kuharibu hata mishipa ya fahamu inayoongoza presha, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, kizunguzungu chako kina sababu yake na kinahitaji daktari kabla ya mazoezi. Aliyetumia vidonge vya kisukari vya metformin kwa miaka aulize kuhusu vitamini B12, ambayo dawa hiyo huweza kuipunguza na upungufu wake ukaongeza ganzi. Mwenye kidonda kwenye unyayo asifanye mazoezi ya kusimama mpaka kipone, na aliyeambiwa kuwa macho yake yanavuja damu kwa ndani aombe ruhusa kwanza.

Siku ya mazoezi, pima sukari, hasa kama unachoma insulini au unameza vidonge vya glibenclamide, kwa kuwa dawa hizo huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Ikiwa chini ya 5 kwa kipimo cha mmol/L, kula ndizi mbivu au kunywa uji nusu kikombe kwanza. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, na upime tena baada ya dakika 15, mazoezi yasubiri. Ikiwa imezidi 14 nawe unajisikia mgonjwa au unatapika, hiyo ni siku ya kwenda hospitali. Kutetemeka, kutoka jasho jembamba na njaa ya ghafla katikati ya zoezi visichukuliwe kuwa ni uchovu wa kawaida.

Vaa viatu vya kufunika vinavyoshika kisigino, vyenye soli ngumu kidogo na isiyo nene sana, maana soli nene na laini huficha hata ile hisia ndogo iliyobaki. Ndala hazifai, na kutembea pekupeku hakufai zaidi. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Nimewahi kumvua mzee mmoja kiatu nikakuta kokoto nyeusi ya barabarani, kubwa kama punje ya hindi, aliyoikanyaga tangu asubuhi bila kujua, na chini yake ngozi ilikwisha kufanya lengelenge.

Mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ni kona ya chumba wakati wa mchana, kuta mbili zikiwa nyuma yako na kiti kizito cha mbao kikiwa mbele, mgongo wa kiti ukikuelekea. Kiti cha plastiki kisitumike kwa sababu hukimbia ukikiegemea, na mkeka uondolewe sakafuni. Anayekusaidia asimame upande, nyuma kidogo, akiwa ameshika kitenge kilichokunjwa na kufungwa kiunoni mwako. Kumshika mtu mkono hakusaidii sana, kwa sababu akianguka unabaki na mkono huku mwili umekwenda.

Anza na kuinuka kitini, zoezi ambalo ningelichagua kama ningeruhusiwa kubaki na moja tu. Kiti kiegemee ukuta. Kaa karibu na ukingo, vuta miguu nyuma kidogo ya magoti, inama mbele mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu, kisha inuka. Simama, hesabu mpaka tatu ili presha itulie, halafu keti polepole ukihesabu mpaka nne. Watu wengi huinuka vizuri kisha hujibwaga, na hapo hupoteza nusu ya faida, kwa kuwa paja hufanya kazi pia wakati wa kushuka kwa utaratibu. Fanya mara tano, na wiki zinavyopita ufike mara kumi. Mikono ishike kiti mwanzoni, baadaye ikunjwe kifuani.

Kisha simama kwenye kona yako, shika mgongo wa kiti, uhamishe uzito wa mwili kulia, kushoto, mbele na nyuma bila kunyanyua miguu. Inua visigino mara kumi, kisha inua vidole mara kumi huku visigino vikibaki chini. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Linalohitaji uvumilivu ni kupunguza upana wa kusimamia. Hatua ya kwanza ni miguu pamoja. Ya pili, mguu mmoja usogee mbele nusu ya unyayo. Ya tatu, kisigino cha mbele kiguse vidole vya nyuma. Ya nne, mguu mmoja peke yake. Tafuta sekunde 10 katika kila hatua, kisha 30, ndipo uende mbele. Asiyeweza kukaa sekunde 10 katika hatua ya tatu bila kushika ajue kuwa yumo katika hatari ya kuanguka, na asione aibu kubaki hatua ya pili kwa mwezi mzima. Mikono nayo ina hatua zake: mikono miwili, mkono mmoja, vidole viwili, kisha viganja vikae hewani juu ya kiti bila kukigusa. Kugusa kidogo tu kuna maana kubwa, kwa kuwa ncha ya kidole yenye hisia huupa ubongo habari ambazo unyayo umeacha kuleta, na ndiyo sababu hata fimbo nyepesi humtuliza mtu asiyeiegemea. Zoezi la kufumba macho liwe la mwisho kabisa, na lisifanyike bila msaidizi.

Ukiona unasimama vizuri, tembea kwa ubavu kando ya ukuta, halafu fuata mstari wa chaki sakafuni. Kwa wanaoishi Marangu, Machame au Kibosho, ambako kila njia ni mteremko, kushuka ndiko kwenye hatari kuliko kupanda: legeza magoti kidogo, fupisha hatua, na wakati wa masika, udongo unapoteleza, shuka kwa ubavu ukiwa na fimbo. Fanya mazoezi haya siku tatu kwa wiki, dakika 20 hivi kila mara, na uyape wiki sita hadi nane kabla ya kuyahukumu. Wakati huo huo badilisha yale ya nyumbani. Beseni la mama wa Kibosho sasa liko juu ya meza, nyonga yake huegemea ukingo, naye huosha upande mmoja wa uso baada ya mwingine ili jicho moja libaki wazi. Tochi yake hulala karibu na mto.

Kila ukimaliza, vua viatu na soksi, utazame nyayo kwa kioo au umwombe mjukuu akutazamie hata kati ya vidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo apitishe mgongo wa mkono kwenye miguu yote miwili na kulinganisha joto. Na ukianguka, usiinuliwe kwa haraka: tulia, geukia ubavu, tambaa hadi kwenye kiti, weka goti moja chini na uinuke kwa kukishika, kisha upimwe sukari. Mguu uliovimba au wenye joto kuliko mwenzake upumzishwe na upelekwe hospitali kupigwa picha siku hiyo hiyo, hata kama hauumi, kwa kuwa mfupa wa mguu wenye ganzi huweza kuvunjika na mwenyewe akaendelea kuukanyaga.