SOMO: Mysuru, mji wa kusini mwa India, kwa siku moja ukitokea Bengaluru

Kila wiki naulizwa: "Mkuu, Mysuru naanzia wapi?" Naandika leo mara moja, iishe.

1. Nenda Jumapili.

2. Panda treni ya alfajiri. Ni kama kilomita 140.

3. Ukishuka tu, tafuta gari la Somanathapura, kijiji chenye hekalu la kale la Kihindu. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza nilifika saa 7 mchana, mwezi wa Aprili. Viatu vinabaki nje, na uwanja wote ni jiwe lililopigwa jua tangu asubuhi. Nikawa naruka kivuli hadi kivuli, nusu ya hekalu sikuiona, jioni nyayo zina malengelenge. Fika kabla ya saa 5. Vaa soksi nzito za pamba. Zunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia, maana hadithi za ukutani zimepangwa kufuata njia hiyo. Anza chini: safu ya tembo, juu yao wapanda farasi, kisha majani, ndipo visa vya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu. Usikimbie! Limesimama tangu 1258.

4. Saa 8 mchana uwe umerudi mjini, ikulu ya wafalme wa Mysuru. Ile ya zamani ya mbao iliungua 1897 wakati wa harusi. Hii ilikamilika 1912. Kwenye ukumbi wa harusi tazama juu: dari la vioo vya rangi vyenye tausi, vilivyotoka Glasgow.

5. Saa 10 jioni, kilima cha Chamundi. Usiende mapema, hekalu la huko juu hufungwa saa 8 hadi saa 9 na nusu.

6. Saa 1 usiku uwe umerudi ikulu. Taa karibu 97,000 zinawaka kwa mpigo.

MASWALI

— Taa zinawaka kila siku?
Soma namba 1. Ni Jumapili na sikukuu.

— Mbona hujaweka bei? Somo nusu nusu.
Bei hupanda, sitaki mtu akwame getini kwa sababu yangu. Jua tu kwamba mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji.

— Shikamoo kaka. Jiwe gumu la Somanathapura walilichongaje mpaka shanga za shingoni zinaonekana moja moja?
Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana. Likitoka ardhini ni laini, linafanana na lile la Kisii. Likikaa kwenye hewa linakaza. Tafuta pia majina yaliyochongwa chini ya sanamu. Mchongaji Mallitamma ameliacha lake mara nyingi.

— Nina mama, magoti yanamsumbua. Ngazi 1,000 za Chamundi ataziweza?
Asipande, dada. Basi linafika juu kabisa. Mkishuka kwa gari, mwombe dereva asimame kwa Nandi, ng'ombe dume aliyechongwa kwenye mwamba mmoja.

— Mimi naongezea: msiondoke bila Mysore pak, kitamutamu cha samli cha huko. Ile laini, si ngumu.
Kweli. Ila ibebe kwenye kopo, samli yake inapenya karatasi. Begi langu linanukia mpaka leo.