Kulisha tarantula Lubumbashi kwa gharama ndogo: jinsi ya kuchagua wadudu hai

Kabla ya kuuliza bei ya wadudu, angalia buibui wako anakula kiasi gani. Tarantula aliyekomaa hula mara moja kwa wiki moja au mbili. Akikaribia kujivua ngozi anaweza kukaa wiki nyingi bila kugusa kitu. Kwa mlaji wa namna hiyo, mdudu wa bei rahisi ni yule atakayekuwa bado hai siku njaa itakapofika. Ukipewa nyenje mia bure leo na wakafa wote kwenye ndoo kabla ya Jumapili, hujaokoa kitu.

Hatua ya 1: Pima, kisha hesabu

Mdudu asizidi tumbo la buibui wako, yaani ile sehemu ya nyuma iliyo kama kifuko. Wengine huruhusu hadi urefu wa mwili mzima bila miguu, lakini mimi sioni sababu ya kumpa ugomvi mkubwa kuliko anavyohitaji. Vitoto vilishe kama mara mbili kwa wiki; kwa vile vidogo kabisa, paja la nyenje aliyekwisha kuuawa linatosha. Sasa hesabu: tarantula wakubwa watatu watamaliza nyenje sita hadi kumi na wawili kwa mwezi. Ndiyo maana boksi moja la wadudu linatosha, hata kama rafiki anakushauri uweke matano.

Hatua ya 2: Wakatae wa bure walio hatari

Mende wa jikoni ndio wa kwanza kukataliwa. Hujui jirani amepuliza dawa gani jana usiku, na sumu ya kuua mende huua buibui pia. Panzi wa kwenye bustani za mboga wana shida hiyo hiyo. Yule panzi wa rangi za kung'aa anayejaa kwenye mihogo mwache kabisa, kwa kuwa hujikinga kwa sumu anayoipata kwenye mimea. Waache pia siafu, na mchwa askari wenye vichwa vikubwa, maana hung'ata. Mchwa wafanyakazi, wale laini, wanafaa kwa vitoto.

Hapa kwetu kuna jambo moja zaidi. Upande wa kaskazini-magharibi wa bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, ambako upepo ulipeleka moshi kwa miaka mingi, udongo umejaa shaba, risasi na kobalti. Mimi sikusanyi mdudu kule.

Kumbikumbi wa mvua za kwanza ni chakula kizuri chenye mafuta, ila hawakai. Wang'oe mabawa, wape siku hiyo hiyo. (Na kumbuka wanadamu nao wanawataka, nyumbani kwangu buibui hupata baada ya watoto kushiba.)

Hatua ya 3: Fuga nyenje wa hapa hapa

Nyenje mweusi mwenye madoa mawili ya njano penye mizizi ya mabawa ndiye ninayemchagua. Ni wa Afrika, na usiku wa masika hujileta mwenyewe chini ya taa. Kamata wachache, majike na madume. Jike ana kitu kama sindano ndefu nyuma, ndicho anachotagia. Hao uliowakamata usimpe buibui. Waache wazae, kisha mpe buibui watoto wao, ili dawa za shambani na minyoo ya porini isimfikie.

Tumia beseni refu la plastiki lenye kuta laini, funika kwa wavu wa chuma, kwa kuwa chandarua watakitafuna. Ndani simamisha trei za mayai. Wanahitaji nafasi, la sivyo wanakulana. Chakula ni pumba za mahindi, lengalenga au matembele yaliyooshwa vizuri, na unga kidogo wa ndakala (dagaa wakavu) wasio na chumvi. Huo unga usiuache, nyenje akikosa protini humgeukia mwenzake. Maji yawe kwenye pamba iliyolowa. Ukiweka kisahani cha maji matupu, utaokota maiti asubuhi.

Kwa mayai, weka kopo la mchanga wenye unyevu. Baada ya siku chache litoe, lifunike, lisikauke. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi wataanguliwa ndani ya wiki mbili, na kufikia utu uzima baada ya wiki sita hadi nane.

Hatua ya 4: Kwa baridi, weka funza wa unga

Juni na Julai usiku wa Lubumbashi huwa baridi kweli, na nyenje hupunguza kukua na kutaga. Bidoni (dumu) la maji moto kando ya beseni husaidia hata umeme ukikatika. Usilete mbabula (jiko la makaa) chumbani. Moshi na hewa yake ni hatari kwako kabla ya kuwa hatari kwa mdudu.

Ukipata funza wa unga kwa mfugaji mwingine, wachukue. Wanaishi ndani ya pumba kavu na kipande cha karoti, hawalii, hawaruki, na baridi huwachelewesha tu kugeuka mbawakawa. Kasoro yao ni kujizika kwenye udongo wa buibui. Mponde kichwa kabla ya kumtia, au mshike kwa kibano mpaka buibui amdake.

Hatua ya 5: Siku ya kulisha

Mshibishe mdudu kwa siku moja au mbili kabla, maana lishe iliyo tumboni mwake ndiyo atakayopata buibui. Tia mmoja. Asipoliwa hadi kesho yake, mtoe. Ukimkuta buibui amelala chali, usimguse wala usimtilie kitu: anajivua ngozi, na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna akiwa laini. Subiri meno yake yawe meusi tena, kama wiki moja kwa mdogo na wiki mbili kwa mkubwa. Katika siku hizo mpe maji tu.