Namna ya kuwaeleza wavuvi habari za Wami'kmaq kabla ya kufunga mwamba

Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi katika shehia yetu, kusini mwa Pemba. Kikao cha kufunga mwamba wa pweza, yaani kuuzuia usivuliwe kwa miezi kadhaa, kikikaribia, husimulia kisa cha Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, wavuvi ambao hadi leo wanaipigania bahari yao. Nawe kwenu fanya hivi.

Ita kikao wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana. Bamvua likiingia, maji yakakupwa mbali, kinamama wote wako mwambani wanachokoa pweza, na kikao bila wao ni bure: mwamba ukifungwa, wao ndio wa kwanza kukosa kitoweo.

Anza na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mwaka 1993 Donald Marshall, Mmi'kmaq wa Nova Scotia, jimbo la Kanada, alivua mikunga kama kilo 210, akaiuza kwa dola 787. Akashitakiwa: hana leseni, na msimu umefungwa. Akashikilia mikataba ambayo wazee wake walifunga na Waingereza mwaka 1760 na 1761. Septemba 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ikamwachia huru: watu wake wana haki ya kuvua na kuuza wapate riziki ya wastani. Hapo nyamaza, waache watu waseme yao. Watasema mengi.

Kisha usiiruke sehemu ya pili, kwani wasimuliaji wengi huiacha. Novemba ya mwaka huohuo mahakama ilifafanua kwamba serikali yaweza kuiwekea haki hiyo mipaka ili samaki wasiishe, mradi iwe na sababu ya kweli. Na Wami'kmaq wenyewe wana mafundisho yao, netukulimk: chukua kinachokutosha, uwaachie watakaokuja. Kwangu hiki ndicho kiini. Haki ya bahari na kujizuia wanavishika pamoja.

Kijana akiuliza kama bado wanaishi porini, mwambie mwaka 2021 jamii zao kadhaa zilinunua nusu ya Clearwater, kampuni kubwa ya mazao ya bahari. Usifiche pia kwamba mwaka 2020 walipoanza kuvua kambakoche kwa utaratibu wao, ghala lililokuwa likihifadhi mzigo wao lilichomwa moto.

Baada ya hapo fungua daftari. Mwamba upi, miezi mingapi, nani analinda usiku, faini kiasi gani. Siku ya kufungua ipangeni iangukie bamvua, ama sivyo wazamiaji wenye miwani watauvuna mwamba kabla ya kinamama wanaokwenda kwa miguu.