Mwanaume transi anayeanza: kifua, hedhi, sindano na kitambulisho

Wanaume transi, yaani wanaume walioandikwa wasichana walipozaliwa, wengi wanapoanza mabadiliko huulizia kwanza sindano ya testosteroni, homoni ya kiume. Tunashauri uanze na kubana kifua ili kionekane bapa, maana hapo ndipo watu huumia hata kabla hawajamwona daktari.

Usijifunge kwa bendeji ya kuvutika, plasta ya gundi au kanga iliyokazwa. Bendeji huzidi kubana kadiri unavyosogea, na mbavu hukosa nafasi ya kutanuka unapovuta pumzi. Matokeo yake ni maumivu ya mbavu, ngozi kuchunika, na wakati mwingine ubavu kupata ufa. Kwa kifua kidogo, sidiria ya mazoezi iliyo imara chini ya shati pana inatosha, na mitumba ya Dodoma haikosi vyote viwili. Kama haitoshi, mpelekee fundi cherehani kazi ya singlendi ya kubana: mbele tabaka mbili za kitambaa cha pamba kisichovutika, nyuma kitambaa kinachovutika. Apime kwa futi kuzunguka sehemu ya kifua iliyojaa zaidi, kisha apunguze sentimita 2 kwa kila jaribio. Aache pale vidole viwili vinapopita bado chini ya pindo la kwapani na unaweza kuvuta pumzi ndefu bila kukohoa. Huna haja ya kumweleza fundi zaidi ya kwamba ni nguo ya ndani ya mazoezi.

Ivae saa 8 tu kwa siku, usilale nayo, na uipumzishe angalau siku moja kwa wiki. Ivue unapobeba ndoo za maji, unapolima, na unapokuwa na kikohozi au mafua ya kifua. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la Dodoma hufanya jasho lituame chini ya kitambaa na fangasi hushika haraka. Uwe nazo mbili, ufue moja kila siku kwa mkono na kuianika kivulini, kwa sababu jua kali huua mvuto wa kitambaa. Ganzi mikononi, maumivu makali ukivuta pumzi au kizunguzungu ni amri ya kuivua hapo hapo. Maumivu yakibaki baada ya kuivua, nenda hospitali.

Hedhi nayo ina njia ambayo wengi hawaifikirii. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu ipo hata kwenye zahanati, na katika vituo vya serikali huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure. Haina estrojeni, homoni ya kike. Miezi ya kwanza inaweza kuleta matone yasiyo na mpangilio, lakini kwa watu wengi hedhi hupungua au hukoma kabisa ndani ya mwaka. Kwa mtu ambaye bado hajaamua kuhusu testosteroni, huo ni msaada mkubwa.

Sasa testosteroni. Usinunue chupa kwa mtu wa gym. Huwezi kujua kilichomo ndani, na dozi za wanaotunisha misuli si dozi zako. Kabla ya sindano ya kwanza pima picha kamili ya damu, ini, mafuta kwenye damu, shinikizo la damu na ujauzito. Ujauzito ni sababu ya kutoanza kabisa, kwani testosteroni hudhuru mtoto aliye tumboni. Ongea mapema na daktari pia kama unataka kuzaa baadaye.

Kiwango ambacho madaktari hutumia kwa enantati au sipionati, aina mbili za testosteroni ya sindano, ni miligramu 50 hadi 100 kwa wiki, au 100 hadi 200 kila wiki mbili. Kuongeza dozi hakuharakishi ndevu. Kinachozidi ni chunusi, hasira na unene wa damu. Sustanon 250, testosteroni nyingine ya sindano, ina miligramu 250 ndani ya mililita 1, na mafuta yake ni ya karanga. Katika mkoa unaolima karanga kama wetu, watu wanajua mapema kama zinawadhuru. Anayedhurika na karanga au soya asiiguse.

Mwache muuguzi akuchome mara za kwanza huku ukijifunza. Mafuta ni mazito: vuta dawa kwa sindano nene ya geji 21, kisha badilisha uchome kwa nyembamba zaidi ya geji 23, taratibu, kwenye upande wa nje wa paja, sehemu ya kati. Wiki hii kulia, ijayo kushoto, la sivyo panakuwa na uvimbe mgumu. Sindano ni moja kwa mtu mmoja, mara moja. Zilizotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki na uzirudishe kituo cha afya, usizitupe shimo la taka ambapo watoto huokota. Nyumba ya bati hupata joto kali mchana, kwa hiyo hifadhi dawa chini, gizani, mbali na dari. Usiiweke kwenye friji, kwani inaweza kuganda chembechembe.

Ngozi yenye mafuta na chunusi hutangulia. Hedhi hukoma kwa kawaida ndani ya miezi 1 hadi 6. Sauti huanza kukwaruza kati ya mwezi wa 3 na wa 12, na haitarudi hata ukiacha dawa. Ndevu huanza kuota baada ya miezi 6 hadi 12, lakini kujaa huchukua miaka. Rudia picha ya damu kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, daktari hupunguza au husimamisha dozi, maana damu nzito huganda. Siku ya kipimo kunywa maji ya kutosha, kwani upungufu wa maji huinua namba hiyo kwa uongo.

Testosteroni si kinga ya mimba, hata hedhi ikiwa imekoma. Damu ikirudi baada ya kukoma kwa miezi mingi, kachunguzwe. Mlango wa kizazi nao bado unahitaji uchunguzi wa saratani.

Kuhusu usiri, mweleze daktari kuhusu mwili wako na dawa unazotumia. Unalala na nani si sharti la kupimwa damu, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu ngono “kinyume cha maumbile” na chenye adhabu ya hadi kifungo cha maisha, ni sababu tosha ya kuchagua maneno. Simu yako iwe na namba ya siri, na picha za mabadiliko zisikae kwenye galari ya wazi.

Kwa jina, wakili huandaa hati ya kubadili jina, inasajiliwa, kisha unaipeleka NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Alama ya jinsia haitabadilika kwa hati hiyo. Majina kama Tumaini, Amani na Furaha hubebwa na wote na hayaulizwi. Ukishabadilishiwa NIDA, sasisha laini ya simu, maana jina la usajili ndilo wakala huliona, kisha benki na kadi ya bima. Kabla hujafika huko, mwombe mtu wa mapokezi hospitalini akuite kwa jina la ukoo.