Kambale wa kilo tatu kwenye bwawa la nyumbani: mkuze kwanza, ndipo umtegee ndoano

Mabwawa mengi ya watu binafsi kwenye mabonde ya mito ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma, kusini mwa Tanzania, yana shida moja. Yamejaa perege wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, na kambale wa maana anaonekana kwa nadra, tena usiku. Mwenye bwawa hulaumu ndoano, hulaumu chambo, wakati mwingine humlaumu jirani mwenye kimia. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kupandikiza vifaranga.

Perege huanza kuzaa akiwa na miezi miwili au mitatu, uzito wake gramu 30 hadi 50 tu, na maji yakiwa ya joto hurudia kila baada ya wiki nne hadi sita. Jike hutunza mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo wengi hupona. Asipokuwepo wa kuwapunguza, chakula huishia kwa watoto na wazazi hudumaa. Kambale ndiye mpunguzaji, na hao anaowapunguza ndio wanaomnenepesha. Marekani wenye mabwawa yao hufuata kanuni hiyohiyo: mla samaki wao ni bass, na samaki wa kumlisha ni bluegill. Bass alifikishwa hadi Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Huku kusini hatuna sababu ya kumtamani, kambale yupo na anavumilia maji ambayo wengine wangeyafia.

Chukua bwawa la mita 20 kwa 15, kina sentimita 80 upande wa kuingizia maji na mita 1.2 hadi 1.5 upande wa kutolea. Hilo ni eneo la mita za mraba 300. Anza na perege 600, wawili kwa kila mita ya mraba. Subiri wiki nne hadi sita, mpaka uone vitoto vinaogelea makundi makundi pembezoni asubuhi, ndipo upandikize kambale 60, yaani mmoja kwa kila perege kumi. Kambale wawe na urefu wa kidole cha kati na wawe wadogo kuliko perege uliotangulia kuwaweka. Ukiwapandikiza siku moja na kambale ni wakubwa, watakula perege wazazi, na baada ya miezi mitatu utakuwa na kambale wenye njaa wanaotafunana wenyewe kwa wenyewe. Vifaranga vya kambale vipangwe kwa ukubwa kabla ya kuingia majini, kwa sababu aliyewazidi wenzake atawatafuna.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kambale hazaliani kwa urahisi ndani ya bwawa. Porini husubiri mafuriko ya masika, akapanda kwenye maji mapya yaliyofunika nyasi. Kila unayemtoa bwawani ni pengo, halizibiki mpaka ununue kifaranga kingine. Weka daftari: waliopandikizwa, waliotolewa, waliobaki. Ikifika miezi sita hadi nane, vuna wengi na ubakize 20 hadi 25, mmoja kwa kila mita za mraba 12 au zaidi kidogo. Hao ndio watakaofika kilo mbili, tatu, na kuendelea.

Vitoto vya perege peke yake havitoshi. Chakula cha kuchanganya nyumbani: dagaa waliosagwa kilo 2, mashudu ya ufuta kilo 4, pumba za mahindi kilo 4. Mchanganyiko huo una protini ya asilimia 30 hivi. Dagaa wa bei ya chini huwa na mchanga, kwa hiyo chekecha kwanza. Mashudu yaliyoota ukungu usiyatie hata kidogo, sumukuvu huua ini la samaki taratibu bila wewe kuona. Perege 600 wakiwa na wastani wa gramu 50 ni kilo 30 za samaki. Asilimia 3 ya hapo ni gramu 900 kwa siku, zigawe asubuhi na jioni.

Kupima maji, zamisha mkono huku kiganja kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, rangi ya kijani inatosha. Kikipotea mapema zaidi, acha kutia samadi bwawani kwa wiki mbili. Na usidanganywe na kambale mzima: yeye huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo perege wanaweza kuwa wanakufa alfajiri naye anazunguka kama kawaida.

Sasa ndoano. Kambale mkubwa hutembea jioni na usiku, na hutafuta chakula kwa kunusa na kwa masharubu yake kuliko kwa macho. Mzoeze: siku saba mfululizo lisha kona moja ya upande wa kina, saa ileile, saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku ya nane usilishe kabisa. Jioni ya siku ya tisa tega hapohapo.

Mshipi uwe wa nailoni wa milimita 0.5 au 0.6. Ndoano iwe na uwazi wa upana wa kidole kati ya ncha na mpini, kwa sababu ndogo humezwa na perege, au huingia tumboni mwa kambale. Chubwi iwe ya risasi yenye tundu, ipite huru kwenye mshipi, na izuiwe kwa fundo sentimita 40 juu ya ndoano. Chubwi iliyofungwa imara humfanya kambale ahisi uzito na ateme. Chambo kizuri ni kipande cha perege wa bwawani humo, minyoo ya samadi au utumbo wa kuku. Wapo wanaotumia kipande cha sabuni ya mche, na kambale huila kweli, lakini kwenye bwawa la kufugia ni bora chakula. Ncha ya ndoano iachwe wazi. Ikifunikwa, huzama ndani ya chambo badala ya mdomo wa samaki.

Akigusa, usivute. Mara ya kwanza anaonja tu, mshipi unacheza na kusimama. Subiri uanze kwenda upande mmoja bila kusita, ndipo uukaze kwa mkono imara, bila kukurupua. Mdomoni ana vijino vidogo sana vilivyojipanga kama msasa. Havikati, ila vinasugua. Kila ukitoa samaki, pitisha kucha kwenye nusu mita ya mwisho ya mshipi, na ukihisi mikwaruzo, kata ufunge upya. Wengi hupoteza kambale wa tatu kwa mshipi ulioliwa na wa kwanza.

Mtoe kwa wavu wa mkono, si kwa kumning'iniza. Mapezi ya kifuani yana miiba migumu, shika nyuma yake kwa vidole viwili. Akiwa mwembamba na kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, bwawa lako lina njaa: vuna perege wadogo kwa kokoro la matundu ya nusu inchi, wakate wawe chakula cha hao kambale wachache, kisha pima tena baada ya mwezi.

Pampu ya kupulizia mikorosho isioshewe karibu na bwawa, na usipulizie upepo ukielekea majini. Dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi huua samaki hata zikiingia majini kwa kiasi kidogo sana. Mvua zikianza Novemba au Desemba, zungushia kingo wavu wenye kimo cha nusu mita, upande wa chini uchimbiwe shubiri moja ardhini. Usiku wa mvua kambale hutambaa kwenye majani yenye maji, na hutafuta upenyo chini ya wavu, si juu yake.