Tumbo lisiloeleweka: namna ya kuamua kama mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji

Mtu aliyekuwa mzima kabisa, akapata maumivu makali ya tumbo yasiyoachia kwa zaidi ya saa sita, mhesabu kuwa mgonjwa wa upasuaji mpaka upate sababu ya kumtoa kwenye hesabu hiyo. Kanuni hii ni ya zamani na bado inaokoa watu. Wanaofariki kwa matatizo ya tumbo, mara nyingi hawafi kwa sababu daktari alishindwa kuutaja ugonjwa, bali kwa sababu alikaa akilisubiri jina lake huku tumbo lenyewe limeshajibu swali lenye uzito zaidi: lifunguliwe sasa, au lisubiri? Kutoboka kwa utumbo, kujisokota kwake na mimba iliyopasuka nje ya kizazi hutofautiana kwa majina, lakini uamuzi wake ni mmoja. Mwongozo huu ni kwa daktari na afisa tabibu anayekutana na mgonjwa huyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kabla ya kugusa tumbo

Pima mapigo ya moyo, presha, kasi ya kupumua, joto, oksijeni na sukari. Usitulizwe na presha nzuri ya kijana: anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake kabla haijashuka. Mapigo yanayopanda, viganja vya baridi na kupumua haraka hutangulia. Weka kanula mbili nene, chukua damu ya vipimo na ya kundi, kisha mpe maji ya Ringer (maji ya chumvi ya mshipani) mililita 500 kwa kasi na umpime upya kabla ya kuongeza nyingine. Ikiwa dalili ni za maambukizi makali, lengo ni takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu za mwanzo. Ikiwa anavuja damu ndani, usijaribu kuirudisha presha kawaida kwa maji, kwa kuwa maji mengi huipunguza damu uwezo wa kuganda na kuliondoa bonge lililokuwa limeziba. Huyo dawa yake ni damu na meza ya upasuaji.

Mtulize maumivu mapema. Imani kwamba mofini huficha dalili imekwisha kupimwa na haikuthibitika. Mgonjwa aliyetulia hukuruhusu kumchunguza vizuri zaidi. Mpe miligramu 0.1 kwa kilo, polepole kwenye mshipa, pungufu ya hapo kwa mzee au mwenye presha ya chini.

Historia: mpangilio wa matukio

Uliza maumivu yalianzaje. Mgonjwa anayekumbuka alikuwa anafanya nini hasa wakati yalipomshika anakuelekeza kwenye kitu kilichotoboka, kilichopasuka au mshipa ulioziba. Yanayokua kwa saa kadhaa huelekea kwenye uvimbe wenye maambukizi. Yanayokuja na kuondoka kwa mawimbi ni ya mrija ulioziba, na mawimbi hayo yakigeuka kuwa maumivu ya mfululizo, hofia kwamba utumbo umeanza kukosa damu.

Kutapika kulianza kabla ya maumivu au baada yake? Kwenye kidole tumbo kwa kawaida maumivu hutangulia. Matapishi ya kijani, tumbo lililojaa na kutotoa hewa ni kuziba kwa utumbo. Hakikisha umeuliza dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, steroidi, na dawa za kuzuia damu kuganda. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa apimwe ujauzito, hata akisema hedhi ilikuja wiki iliyopita. Hapa hakuna ubaguzi, kwa sababu damu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi mara nyingi hudhaniwa kuwa hedhi.

Jihadhari pia na kuandika kwamba ni tumbo la kuhara kwa mgonjwa anayetapika bila kuharisha. Vidole tumbo vingi vilivyorudishwa nyumbani vilipewa jina hilo.

Mkono na macho

Mtazame anavyolala. Aliyetulia kama gogo, magoti juu, akipumua kwa kifua tu, utando wa tumbo lake umewaka. Anayejinyonganyonga bila kupata mkao ana jiwe la figo au utumbo unaokosa damu. Mwambie akohoe na akuonyeshe kwa kidole kimoja panapouma.

Pasha viganja joto. Anzia mbali na panapouma, na macho yako yabaki usoni pake, si kwenye mkono wako. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya kidole kingine: mgonjwa mwenye utando uliowaka hukunja uso kwa kugongwa huko kudogo tu. Kubonyeza kwa nguvu na kuachia ghafla kunamtesa bila kukuongezea mengi. Kisha mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto huku umebonyeza panapouma. Maumivu yakiongezeka, huenda chanzo ni ukuta wa tumbo. Yakipungua, kiko ndani.

Sasa mfunue mpaka mapajani. Hatua hii hurukwa kwa haya au haraka, na gharama yake ni kubwa. Ngiri ndogo ya paja kwa mama mzee na mnene inaweza kuwa na ukubwa wa zabibu tu, haiumi sana, na ndiyo iliyoziba utumbo wote. Itafute chini ya mkunjo wa kinena, pande zote mbili. Kijana wa kiume aguswe korodani, kwa kuwa iliyojisokota huanza kwa maumivu ya tumbo na nafasi nzuri ya kuiokoa ni saa sita za mwanzo. Malizia kwa kidole njia ya haja kubwa na kusikiliza sehemu ya chini ya mapafu.

Kidole tumbo kinapojificha

Maumivu huanzia kitovuni kwa sababu neva za kidole tumbo huingia kwenye uti wa mgongo pamoja na zile za eneo la kitovu. Yanahamia kulia chini uvimbe unapogusa utando wa ukuta. Kidole kilicho nyuma ya utumbo mpana hakiugusi ukuta wa mbele, kwa hiyo tumbo hubaki laini. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, uunyooshe mguu wa kulia nyuma, na maumivu yatajitokeza. Kilichozama kwenye nyonga huleta kuharisha kidogo na kukojoa mara kwa mara, na huonekana kama UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Pointi za Alvarado, zilizotolewa 1986 za kukadiria uwezekano wa kidole tumbo, zinasaidia kupanga mawazo: maumivu kuhama 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, maumivu ya kubonyeza kulia chini 2, maumivu ya kuachia 1, joto la 37.3 au zaidi 1, chembe nyeupe za damu zaidi ya 10,000 pointi 2, na ongezeko la neutrofili (aina ya chembe nyeupe) 1. Chini ya 5 uwezekano ni mdogo. 5 na 6 mbakishe na upige altrasaundi au CT (picha ya skani). 7 kwenda juu mwite daktari wa upasuaji. Kwa mwanamke pointi hizi hutia chumvi, kwa mtoto mdogo na mzee hazitegemewi. Kwenye altrasaundi tafuta mrija usiobonyea wenye kipenyo cha zaidi ya milimita 6. Ripoti inayosema kidole hakikuonekana haimaanishi kuwa ni kizima.

Wasioonyesha dalili

Mzee, mwenye kisukari, anayetumia steroidi na mwenye kinga iliyoshuka wanaweza kuwa na usaha tumbo zima bila homa, bila tumbo kukakamaa, na chembe nyeupe za kawaida. Kwao shusha kiwango chako cha kuomba CT. Anayenitia hofu kuliko wote ni mzee mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, anayelia kwa maumivu huku tumbo lake ni laini. Mshipa wa utumbo umeziba. Lakteti, asidi ya damu inayopanda tishu zikikosa oksijeni, inaweza kuwa ya kawaida mwanzoni, hivyo usiisubiri ipande. Apigwe CT ya mishipa mara moja, wala usicheleweshe kwa kuhofia kwamba dawa ya picha itaumiza figo, maana utumbo uliokufa utamuua kabla ya figo.

Eksirei ya kifua ipigwe akiwa amekaa wima kwa dakika kama kumi ili hewa iliyotoka kwenye tundu ipande chini ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Ikionekana, jibu limepatikana. Isipoonekana hujathibitisha lolote, kwani baadhi ya waliotoboka hawaionyeshi. Kwenye eksirei ya tumbo, utumbo mwembamba uliozidi sentimita 3, mpana 6, na mwanzo wa utumbo mpana 9, umetanuka. Amilesi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, ikipanda kidogo isikufanye useme ni uvimbe wa kongosho, kwa sababu hata kidonda kilichotoboka huipandisha.

Kabla ya kisu, ondoa yale yanayoiga: shambulio la moyo la upande wa chini, nimonia ya chini ya pafu, sukari yenye asidi, maumivu ya selimundu, mkanda wa jeshi kabla ya malengelenge. ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kipimo cha sukari na mkojo huchukua dakika chache.

Usipoamua, kuna njia moja ya halali ya kusubiri: mtu yuleyule amchunguze upya kila baada ya saa nne hadi sita, weka alama ya kalamu mahali panapouma, na andika kwenye faili ni badiliko gani litakalokufanya uite chumba cha upasuaji. Kumwacha wodini bila saa ya kurudi si kusubiri.

Tumbo likifunguliwa

Seftriaksoni gramu 2 na metronidazoli miligramu 500 ziingie ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, isipokuwa kama ameshazianza kwa muda unaofaa. Mpira wa puani utoe yaliyomo tumboni kabla ya usingizi, maana hapo ndipo mgonjwa aliyeziba utumbo huyavuta matapishi mapafuni. Mpira wa mkojo uwepo. Lengo ni nusu mililita kwa kilo kwa saa.

Usipojua chanzo, pasua katikati. Ukikuta damu, jaza gozi kubwa pembe nne, mpe daktari wa usingizi nafasi ya kumrudishia mgonjwa damu, kisha toa moja moja ukianza na pembe isiyovuja. Ukikuta uchafu, fuata utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo, uone ulikonata. Mara nyingi umeshalitafuta tatizo kabla yako. Hata ukilipata, pitia utumbo wote kwa vidole tangu unapoanzia mpaka kwenye kidole tumbo, pande zote mbili, kwani homa ya matumbo inaweza kutoboa zaidi ya mahali pamoja karibu na mwisho wa utumbo mwembamba. Usipoona kitu, fungua mfuko ulio nyuma ya tumbo la chakula.

Kidonda kilichotoboka huzibwa kwa utando wa mafuta wenye damu, njia aliyoieleza Cellan-Jones mwaka 1929: nyuzi tatu au nne zipite kando ya tundu, utando ulazwe juu, ndipo zifungwe. Ukilivuta tundu lijifunge kwanza, kingo zilizovimba zitachanika. Ukikaza mno, mafuta yatakufa na tundu litavuja. Kikiwa kidonda cha tumbo la chakula, chukua kipande cha ukingo kwa kipimo cha saratani.

Utumbo wenye rangi ya mashaka ufunike kwa gozi lenye maji ya uvuguvugu, subiri dakika kumi, kisha tazama rangi, mwendo na mpigo wa mishipa. Mgonjwa akiwa na joto chini ya 35, asidi nyingi na damu isiyoganda, kata kilichokufa, usiunganishe, funga kwa muda na urudi ndani ya saa 24 hadi 48. Hesabu gozi na vyombo kabla ya kufunga. Ukuta wa katikati ushonwe kwa uzi usioyeyuka haraka, milimita 5 kutoka ukingoni na milimita 5 kati ya mshono na mshono, urefu wa uzi uliotumika usipungue mara nne ya kidonda.

Baada ya hapo, angalia mapigo ya moyo kuliko kidonda. Utumbo uliounganishwa mara nyingi huvuja kati ya siku ya tano na ya saba, na dalili ya kwanza huweza kuwa mapigo ya 110 kwa mtu anayesema anajisikia vizuri, au kupumua haraka, au kuchanganyikiwa kidogo usiku. Usimpe dawa ya kumtuliza. Mpige CT siku hiyohiyo, na kama hali inashuka wakati unasubiri picha, mrudishe mezani bila hiyo picha.